Chungu Ambacho Hakikuonjwa

"Kwani aliyepika anakaa wapi?"

Pimbi aliuliza hivyo mlangoni mwa kilabu, kata ya maji ya moto mkononi. Wazee walikuwa wanachagua mirija.

Hizo zilikuwa enzi za kale, watoto, wanyama walipokuwa na mashamba, wakwe na vilabu vya pombe. Mwaka ule, baada ya mavuno, Mzee Kiboko mwenye kilabu alitangaza tamasha dogo. Vyungu vitatu tu: cha wimbi, cha mtama na cha asali. Watu wakae kwenye vigoda kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, wavute polepole, kisha waseme kipi kitamu.

Kazi ilifanywa na nani? Siku saba Pimbi alikausha kimea, akakaanga unga, akakoroga. Kanga alisaga. Kobe aliteka maji, nenda rudi, nenda rudi. Walitaka kitu kimoja tu: kukaa na wenzao siku ya kunywa.

Siku ikafika. Kiboko akakohoa. "Kho! Kho! Utaratibu ni huu. Vigoda ni vya wakubwa. Mrija ni wa mwenye kigoda. Wadogo mtasimama mlangoni, mtuongezee maji ya moto."

"Lakini Mzee, tumepika sisi!" Kanga akasema.

"Na mmepika vizuri, binti yangu. Ongezeni maji."

Mimi hapo ningepiga kelele mpaka paa litikisike. Pimbi hakupiga. Alimimina maji, shwaaa, povu likapanda, harufu ikajaa chumba kizima. Kisha akarudi nyuma, akakunja mikono, akawatazama wazee kwa huruma.

Ndovu, mmoja wa wazee, akaingiza mrija kwenye chungu cha wimbi. Akasita. "We Pimbi, mbona hujaonja?"

Desturi ilikuwa hivyo: mpishi huonja kwanza, mbele ya wageni, waone kwamba hamna sumu. Asipoonja, hanywi mtu.

"Nionje vipi, Mzee wangu? Kuonja ni kwa mrija, na mrija ni wa mwenye kigoda. Sitaki kuvunja utaratibu."

"Onja kwa kata!"

"Kata inachota povu la juu. Sumu hukaa chini." Pimbi akashusha pumzi. "Ila kunyweni tu. Mzee Ndovu, uliaga nyumbani?"

Ndovu akauchomoa mrija, chwapu! "Niage kwa nini?"

"Nauliza tu. Na wewe Mzee Kiboko, wanao wanaujua mpaka wa shamba?"

"Ala! Umeweka nini humu?"

"Wimbi, kimea na maji. Nawaapia, hamna kingine."

Na ilikuwa kweli tupu. Lakini wazee walishaanza kutoka jasho.

"Ndovu, anza wewe," Kiboko akanong'ona. "Una tumbo kubwa."

"Kubwa kuliko lako? Anza wewe mwenye kilabu!"

Nyati, mzee wa tatu, alikuwa ameshasogeza kigoda chake mbali na chungu. Povu likaanza kushuka, pf, pf, pf. Pombe ile ikipoa haina utamu tena, na kila mmoja alijua.

"Mpeni kigoda!" Ndovu akafoka, akainuka. "Mpeni changu!"

Pimbi akaketi, akavuta mrija, fyuuu. Akafumba macho. Akavuta tena. "Mm. Kimea changu ni salama. Maji sijui, aliteka Kobe."

"Kobe aje hapa!" Kiboko akainuka.

"Na unga sijui, alisaga Kanga."

Nyati akainuka bila kuambiwa.

Hofu iliwashika hata hawakufikiri kwamba unga, maji na kimea vilikuwa ndani ya chungu kimoja! Wadogo wakaonja cha wimbi. Wakaonja cha mtama. Cha asali wakakionja mara mbili, kwa usalama. Wazee wamesimama, wanameza mate.

"Jamani, na sisi," Ndovu akaomba.

"Karibuni," Pimbi akasema. "Leteni vigoda, tusogeleane."

Kiboko akaenda mwenyewe kuvitoa jikoni kwa mkewe. Wakakaa wote sita, wakabishana kuhusu asali mpaka jua likapoa, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Fundisho ni hili: ukitegemea kazi ya mtu, usimnyime nafasi ya kukaa.

Haya, inukeni, na kila mmoja aoshe kikombe alichonywea uji.