Nguchiro na Kazi ya Kupoza

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wanashika majembe na sisi binadamu bado tunaulizana jembe linaliwa au linavaliwa, alikuwepo Nguchiro. Sikilizeni wajukuu zangu, lakini mikono isisimame, mahindi hayajipukuchui. Mimi nitapukuchua maneno, ndiyo kazi ninayoiweza bila kuumwa kiuno.

Basi, Nguchiro alikuwa mdogo, mwepesi, na mvivu. Mvivu wa kutupwa! Majirani zake walikuwa Nyati na Kiboko, wakubwa wenye nguvu. Walilima kwa ujima: leo wote shambani kwako, kesho wote kwangu, na mwenye shamba anapika. Palizi tu ndiyo kila mmoja alihangaika na magugu yake.

Mvua ilipokaribia, zamu ikaanza kwa Nyati.

"Baba watoto, wenzako wameshatoka," mkewe Nguchiro akasema.

"Mpini wa jembe umelegea."

"Ukaze."

"Na mgongo nao umelegea."

"Mtama uliobaki ndani ni wa mbegu tu. Wasipokuja kutulimia, watoto watakula nini? Mpini?"

Nguchiro akajikongoja. Alifika jua la utosi, chungu ndiyo kwanza kinafunuliwa. Akasimama mpakani, akapaza sauti kwa adabu zote:

"Poleni na kazi, kaka zangu!"

"Tumeshapoa!" wakajibu. Si ndivyo mtu anavyojibu?

"Karibu chakula," Nyati akaongeza. Na hilo nalo si ndivyo mtu anavyosema? Nguchiro akanawa mikono kabla neno halijafika chini. Akala, akashukuru, akaenda zake. Zamu ya Kiboko ilipofika, ikawa vilevile. Poleni na kazi, tumeshapoa, karibu chakula, kwaheri.

Jioni yake akawaambia, "Haya wakubwa, kesho ni kwangu."

Nyati akapuliza pua, fuuu! "Kwako? Wewe hujalima hata tuta moja!"

"Polepole, kaka. Nilipofika niliwaambiaje?"

"Ulitupa pole."

"Mkajibu nini?"

"Tumeshapoa."

"Mlipoa kweli, au mlinidanganya mchana kweupe?"

Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akatazama miguu yake. Nani akubali kuitwa mwongo mbele ya jirani?

"Tulipoa," Nyati akanung'unika.

"Nani aliwapoza?"

Kiboko akamnyooshea kidole yeye Nguchiro.

"Mnaona? Wengine wanalima, wengine wanapoza. Kazi ni kazi!"

Kiboko akajikuna shavu. "Lakini kweli, Nyati. Aliposema vile, kiuno changu kiliacha kuuma kidogo."

Ah, wajukuu, ukubwa wa kichwa si wingi wa akili! Msinitazame mimi, changu ni kilemba tu.

Asubuhi wakaja. Puh! Puh! Puh! Udongo uliruka, na Nguchiro amelala kwenye mkeka, kakunja nne.

"Poleni na kazi!"

"Tumeshapoa!"

Jua halijafika utosini, shamba lote limelimwa. Nguchiro alicheka mpaka akashika mbavu. Mvua ikanyesha, mtama ukaota vizuri.

Na magugu yakaota vizuri zaidi. Maana wale wakubwa walipokuwa wakilima, walikuwa pia, mnanielewa, wakiacha mbolea yao palepale. Nyasi zikapanda, mtama ukaanza kukosa pumzi. Nguchiro akaingia shambani na mke na watoto, wakang'oa mpaka vidole vikawaka moto. Wakifika mwisho wa tuta, mwanzo umeshaota tena.

"Mtama huu ukisongwa umekwisha," mkewe akasema, machozi yanamlengalenga. "Na mbegu nyingine hatuna." Akapika kunde zote zilizobaki ili wapate nguvu za kumalizia.

Chungu ndiyo kwanza kinafunuliwa, mara du! du! du! Ardhi inatikisika. Nyati na Kiboko wakasimama mpakani, mikono nyuma, wapole kama wakwe.

"Pole na kazi, jirani!"

Nguchiro akakifunika chungu upesi.

"Baba watoto, watu wamekupa pole," mkewe akamnong'oneza. "Usipojibu watasema hatuna adabu."

"Ni... nimeshapoa," akasema.

"Alhamdulillahi!" Kiboko akaketi, kishindo! "Kazi ya kupoza inachosha. Nyati, uko hai?"

"Hoi! Sina hata nguvu ya kusema karibu. Na anisemee mwenyewe."

"Ka... karibuni chakula."

Gubu! Kiboko akameza. Nyati akalamba chungu, kikang'aa.

Nguchiro akajitazama vidole, akatazama chungu, kisha akaanza kujicheka huku analia. "Njooni mnione mjanja wa dunia! Nimetega mtego, halafu nikaujaribu kwa mguu wangu mwenyewe!" Akapiga magoti. "Kaka zangu, mimi nimepoa. Nimepoa kabisa. Magugu ndiyo hayajapoa!"

Wakubwa wakaangua kicheko, ndege wakaruka mitini.

"Hilo ndilo tulilokuwa tunalingoja," Nyati akasema. "Kesho alfajiri uje na jembe kwangu, kisha uende kwa Kiboko, ndipo sote tuje hapa."

"Lakini palizi haina ujima..."

"Basi baki na magugu yako."

"Nakuja! Nakuja kaka, mpini nitaukaza leo hii!"

Akaukaza. Akapalilia kwa Nyati, akapalilia kwa Kiboko, nao wakaja wakauokoa mtama wake. Siku hiyo Kinyonga akapita njiani, taratibu, akasema, "Poleni na kazi."

"Hatujapoa!" Nguchiro akamkaripia. "Shika jembe!"

Ndiyo maana mpaka leo nguchiro akisikia mtu anakuja, husimama kwa miguu miwili na kunyoosha shingo. Anachungulia kama mgeni kabeba jembe au kabeba pole tupu.

Pole ni tamu mdomoni, lakini haing'oi gugu hata moja.

Haya, poleni na kazi, wajukuu zangu. Mbona mnanitazama hivyo? Haya, haya, nimeelewa. Leteni hindi moja na mimi nipukuchue.