Upepo Aliouulizia Bwana Douwe

Aliye garini hajui upepo utokako. Jana mlimsikia shangazi yenu Namkunda akiyasema hayo kwenye kikao cha maji, na mkaniuliza maana yake na ilikotoka. Msiitafute methali hiyo vitabuni, hamtaiona. Ilizaliwa mbali na hapa Usangi, na aliyeizaa ni shangazi yenu mwenyewe. Chanzo chake ni hiki.

Namkunda alikuwa na miaka arobaini na mitatu, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kwenye mji mdogo kaskazini mwa Uholanzi. Kwa miaka mitatu alikwenda kazini kwa basi lililomshusha mlangoni kabisa. Wenzake waliegesha magari chini ya jengo, kisha wakapanda lifti.

Mwisho wa baridi aliletwa pale Bwana Douwe, mzee wa miaka tisini na mmoja ambaye miguu yake haikumbeba tena. Chumba chake kilitazama ua wa ndani uliozingirwa na kuta nne, ambamo hata jani halikutikisika. Kila asubuhi, kabla ya salamu, alimuuliza anayeingia upepo unatoka wapi. Mmoja alimjibu kwamba nje kuna baridi, mwingine kwamba hakuna mvua, mwingine akamsomea utabiri wa jana kwenye simu. Mzee aligeukia ukuta na uji ukapoa. Alizidi kukonda. Daktari akaandika kwamba akili imeanza kumtoka.

Swali lile lilimkaa Namkunda moyoni. Mtu anayeuwaza upepo kabla ya chakula anautakia nini? Siku moja alimuuliza. Mzee akasema hawezi kumweleza upepo mtu asiyeujua.

Mwezi wa nne daraja la njia ya basi likafungwa kwa matengenezo. Kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu, kwa hiyo ilibaki baiskeli, na dada yangu hakuwahi kupanda baiskeli maishani. Ninyi mnazijua njia zetu hizi za mawe na miteremko. Wakati wetu hata wavulana waliokuwa nayo walihesabika. Jirani yake alimfundisha kwenye uwanja wa kanisa kwa majuma mawili. Aliingia vichakani mara nyingi, akachubuka magoti kama mtoto.

Nchi ile ni tambarare kama meza, akadhani akishajua kukaa wima basi kazi imekwisha. Kumbe mlima wa kule ni upepo. Siku nyingine ulimsukuma mgongoni akafika hajatoka jasho. Siku nyingine alikanyaga pedali kwa nguvu zote na bata wa mferejini wakampita. Akaanza kuuchunguza. Akajua upi unaleta harufu ya ng'ombe na upi unaleta chumvi.

Asubuhi moja alimkuta mkuu wa nyumba, Bi Anneke, chumbani kwa mzee akiwa na fomu mkononi. Bwana Douwe alikuwa ahamishiwe upande wa wazee waliopotewa na akili, ambako mlango hufungwa kwa ufunguo. Mzee hakuitazama fomu.

"Upepo unatoka wapi leo?" akauliza.

"Kaskazini magharibi," Namkunda akajibu. "Umenipiga shavu la kushoto njia nzima. Penye mfereji nimeshuka nikakokota baiskeli."

Mzee akageuka kutoka ukutani. "Unavuma mfululizo au kwa vishindo?"

"Kwa vishindo. Na una chumvi."

"Basi bahari inapanda, na maji ya mashambani hayatapata pa kutokea. Kinu kigeuzwe."

Ndipo akaeleza. Kwa miaka arobaini na minne alikuwa mtunza kinu cha upepo kilichovuta maji kutoka mashamba yaliyo chini kuliko bahari. Kila alfajiri, kabla ya kutia kitu kinywani, alikielekeza kinu upande wa upepo. Angechelewa, ng'ombe wa majirani wangesimama majini. Alijua fika kwamba siku hizi kazi ile inafanywa na mashine ya umeme.

"Sijapotewa na akili, sista," akasema. "Ila nikila bila kujua upepo, naona kama nimewaacha watu wazame. Chakula hakipiti."

Akaomba uji, akaumaliza.

Bi Anneke alikiri kwamba ameingia jengo lile miaka kumi na mmoja kwa gari na lifti, na alidhani swali la mzee halina jibu. Hapo maneno yale mliyoyasikia jana yakamtoka Namkunda kwa Kiswahili, bila kuyapanga. Akaombwa kuyatafsiri, akayatafsiri kwa hofu. Anneke hakukasirika. Aliikunja fomu, na wiki hiyohiyo mzee akapewa chumba cha juu chenye dirisha linalofunguka upande wa bahari. Aliishi miaka miwili zaidi, na asubuhi ndiye aliyewaambia wauguzi wavae nini.

Namkunda aliporudi nyumbani nilimsifu kwa kumwambia mkubwa wake ukweli. Akatikisa kichwa.

"Sikumsema yeye, kaka. Nilijisema mwenyewe. Miaka mitatu nilipita njia ile nikitazama kwenye kioo cha basi, na miezi miwili nikamtazama mzee akikonda. Aliye garini hajui upepo utokako."