Punda wa Sultani Mlangoni mwa Makungu

Hapo zamani, enzi za masultani waliopanda punda weupe waliotiwa hina miguuni, palikuwa na mji ukiitwa Shangwi, na ndani yake Nyumba ya Wagonjwa aliyoijenga babu yake Sultani Zahoro, wakitibiwa humo maskini na matajiri pamoja. Basi Sultani akachoka kusikia kila siku habari za dawa na mashuka, akaikabidhi nyumba kwa tajiri mmoja, Msellem, wakaandikiana: Msellem atalipwa kwa kila mgonjwa atakayetoka mzima, na siku atakapofia mtu ndani, mkataba umevunjika.

Haukupita mwezi, sifa zikavuma hadi miji ya mbali: nyumbani mle hafi mtu! Sultani akavimba kwa furaha kama andazi.

Ikawa siku moja Bi Mwanakheri akateleza kisimani, akavunjika mguu. Mwanawe Makungu, fukara asiye na kitu ila maneno, na hayo alikuwa nayo tele, akambeba mgongoni mpaka mlangoni pa Nyumba ya Wagonjwa. Bawabu akamgusa bibi yule kipaji cha uso.

"Mguu umevunjika na homa juu yake! Huyu atatufia. Mrudishe akipata nafuu."

"Akishapata nafuu nimlete kufanya nini? Kucheza ngoma?"

"Hapo ndipo tunapomtaka," akasema bawabu. Na nyuma yake, vitandani, vijana wenye mafua walikuwa wakicheza bao.

Makungu akamlaza mamaye juu ya mkeka, kivulini mwa ukuta, akaenda mbio barazani kwa Sultani.

"Ewe Sultani, Mola akuzidishie umri! Nyumba yako inatibu wazima, na wagonjwa wanalala nje."

Msellem, aliyeketi kuumeni kwa Sultani, akacheka. "Bwana wangu, huyu kichwa chake ndicho kinachotaka dawa."

Sultani akaghadhibika. "Ewe Makungu, wajua kutibu kumshinda Msellem? Basi mchukue punda wangu Johari. Siku ya tatu leo tumbo limemvimba, watu wangu wamekata tamaa. Mtibu! Na akifia nyumbani mwako, kichwa chako nitakitundika sokoni."

"Akifia nyumbani mwangu, bwana wangu?"

"Nyumbani mwako!"

"Nimesikia na nimetii."

Kesho yake Sultani akaenda mwenyewe kutazama, na Msellem nyuma yake. Akamkuta Johari amelala nje, njiani, anagumia. Ndani, juu ya kitanda cha kamba, beberu watatu wanono wa kuazima kwa jirani wamefunikwa shuka hadi shingoni, wanatafuna mto.

"Makungu! Hawa wanaumwa nini?"

"Hawaumwi kitu, bwana wangu. Ndiyo maana nimewalaza. Watatoka wazima wote, wala hafi hata mmoja."

"Na punda wangu?"

"Lo! Yule ni mgonjwa! Nikimwingiza atafia ndani, nami nikatwe kichwa. Nimemwambia arudi akipata nafuu."

Sultani akafungua kinywa amwite mkata vichwa, kisha akakifunga. Akageuka taratibu, akamtazama Msellem. Msellem alikuwa akitazama viatu vyake.

"Msellem, ndivyo ufanyavyo?"

"Bwana wangu, mkataba ulisema..."

Hakumaliza. Johari, ambaye Makungu alikuwa akimnywesha kwa siri tangawizi na mafuta ya nyonyo tangu alfajiri, aliachia upepo mmoja uliovua kilemba cha Msellem kikaangukia mtaroni. Tumbo likanywea. Punda akasimama, akalia mji mzima ukasikia. Sultani akacheka mpaka akaketi vumbini na joho lake.

"Omba utakacho, ewe mjinga mwenye akili."

"Naomba mlango wa Nyumba ya Wagonjwa, bwana wangu."

"Mlango tu?"

"Mlango tu, na mtu mmoja wa kunisaidia kuubeba."

Basi mlango ukang'olewa, Bi Mwanakheri akainuliwa pale mkekani, akalazwa juu yake, akaingizwa ndani. Mbele ameshika Makungu, nyuma ameshika Msellem, kichwa wazi, jasho likimchuruzika.

"Polepole, mwanangu," Bi Mwanakheri akamwambia tajiri, "usinitikise. Mimi mgonjwa."

Na mlango ule haukurudi tena mahali pake, wala mkataba. Abishaye na aende Shangwi akatazame: bawaba zingali ukutani, zimeshika kutu, na kila aumwaye anapita.