Matrekta ya Marehemu

Twilumba, mwanamke wa Kihehe, alirithi matrekta mawili mabovu. Hata wanunuzi wa chuma chakavu waliyakataa. Siku ya kuondoa matanga ya baba yake alikuja Luambano, tajiri wa Kingoni, mtani wao.

"Kwenye shughuli ya mtani nachukua nitakacho," alisema Luambano.

"Chukua mbuzi, chukua hata kitanda," Twilumba akamsihi, "ila matrekta ya baba usiyaguse!"

"Basi nataka hayohayo! Na usinune. Mtani akinuna anatozwa faini."

Twilumba akajifunika khanga usoni, mabega yakitetemeka. Luambano akayavuta matrekta hadi kwake, akayafungia injini mpya na matairi mapya, akayapaka rangi nyekundu.

Msimu wa kulima ulipokaribia, Luambano alimwoza binti yake. Twilumba akafika na madereva wawili.

"Karibu pilau, mtani!" Luambano akamwita.

"Pilau baadaye. Leo shughuli ni yako, nami nimeshachagua."

Matrekta yote mawili yakanguruma. Wageni wakapiga vigelegele. Luambano akatoka mbio, kijiko mkononi.

"Usinune, mtani," Twilumba akamwambia kutoka juu ya trekta. "Ng'ombe wako nao nimewaona."