Ua Jeupe la Mama

Paukwa!

"Pakawa!"

Sogeeni karibu na moto, wajukuu zangu. Hapo kale, milimani Upare, waliishi dada wawili, Nakiete mkubwa na Kunda mdogo. Mama yao alipofariki aliwaachia bustani ya airisi, maua yenye majani marefu kama panga. Ya manjano yalikuwa tele. Jeupe lilikuwa moja tu, ua la mama, na mizizi yake ilikuwa imeanza kuoza.

Asubuhi moja Nakiete akakuta ua jeupe limeguswa, vumbi lake la chavua limeondolewa lote. Akamuuliza konokono, "Nani kaligusa ua la mama?"

"Niliona vidole. Uso sikuuona."

Nakiete akatazama vidole vya Kunda. Vina vumbi la manjano! Akaendelea kupalilia.

"Ni yeye, bibi!"

Ngoja, Mbonea mjukuu wangu. Kesho yake Nakiete akakuta ua limefungwa uzi. Akamuuliza kinyonga.

"Niliona kanga. Uso sikuuona."

Nakiete akatazama kanga ya Kunda. Imechomolewa uzi! Jioni akala haraka, akaondoka sahanini kabla ya Kunda.

Wiki zikapita. Ua likanyauka, pakabaki tunda dogo la kijani, limevimba. Akamuuliza nyuki.

"Nilisikia mtu akinong'ona, 'Dada asijue.' Uso sikuuona."

"Eeeh, bibi! Anamroga dada yake!"

Hata Nakiete aliwaza hivyo, Mbonea. Akachukua kisu, akalikata lile tunda, akalipasua. Ndani mlikuwa na mbegu nyeupe, changa, laini kama mahindi mabichi.

Kunda akatokea na ndoo ya maji. Ndoo ikamponyoka.

"Dada! Umefanya nini?"

"Sema wewe! Ulificha nini humu?"

"Watoto wa ua la mama. Nililitoa vumbi la jeupe, nikalipaka vumbi la ua la manjano lenye nguvu, nikalifunga uzi wadudu wasiingie. Mama alikuwa akifanya hivyo. Nilitaka mbegu ziote kwanza, ndipo nikuonyeshe ufurahi."

Nakiete akazipanda zile mbegu huku akilia. Akamwagilia, akangoja. Hazikuota, zilikatwa zingali changa. Na mmea wa lile ua jeupe ukaoza hadi mzizi wa mwisho.

Kunda akamwambia, "Umemuuliza konokono, umemuuliza kinyonga, umemuuliza nyuki. Mimi ninayekula nawe sahani moja, hukuniuliza."



Wajukuu zangu, ukimshuku mtu wako, muulize yeye mwenyewe kabla hujashika kisu. Hadithi yangu inakomea hapo. Na kama kuna anayemshuku mwenzake leo, amuulize sasa hivi, moto ungali unawaka.