Mhunzi Aliyekunywa Ukungu

Paukwa!

Pakawa!

Ukungu?

Umeshuka!

Moto?

Unawaka!

Na masikio je?

Tumekuja nayo, Bibi!

Haya, sogeeni. Wewe uliye mlangoni, ingia, usikae na mguu mmoja nje.

Hapo kale, juu milimani, ambako watu huamka wakiwa mawinguni na jogoo huwika bila kuonekana, paliondokea mhunzi jina lake Sengo. Alifua majembe, alifua visu, alifua kengele za mbuzi. Nyundo yake ilikuwa na mlio mtamu. Nga! Nga! Nga! Wanawake walitwanga kwa kufuata mlio huo, na watoto wachanga walilala kwa mlio huo.

Sengo alikuwa na mke, Zawena, na binti mmoja tu, Tunu. Tunu ndiye aliyevuta mvukuto, moto ukinguruma, huku akiimba nyimbo za kujitungia ambazo hazikuwa na mwisho.

Basi mwaka mmoja homa ikapita kijijini. Ikapita nyumba hii, ikapita nyumba ile, ikaingia kwa Sengo. Ikamchukua Tunu.

Watu wakaja matangani. Zawena akalia hata sauti ikamkauka. Sengo alisimama kando ya tanuru, mikono nyuma, bila chozi. Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao.

Siku moja, alfajiri, Sengo akaenda msituni kutafuta magogo ya kuchoma mkaa. Ukungu ulikuwa mzito hata hakuona miguu yake mwenyewe. Mara akasikia wimbo.

*Njoo, njoo, uliyechoka,*
*kibuyu bado hakijakauka;*
*onja leo, kesho utatoka,*
*njoo, njoo, uliyechoka.*

Akafuata wimbo. Akaona zimwi limeketi juu ya jiwe. Watoto, si kila zimwi lina meno. Hili halikuwa na hata moja. Lilikuwa kubwa, laini, na jeupe kama ufuta uliomenywa, na macho yake yalikuwa mapole kama ya ng'ombe. Jina lake Bembeleza.

"Umechoka, mhunzi," likasema.

"Nimechoka," Sengo akajibu.

"Shika kibuyu hiki. Ndani mna maziwa ya ukungu. Onja leo, kesho utaacha."

Sengo akakishika. Angeweza kukirudisha. Mkono ulikuwa wake, kinywa kilikuwa chake. Lakini kifua kilimwuma, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwuliza kama amechoka. Akaonja.

Lo! Msitu ukayeyuka. Akajiona amesimama karibu na tanuru la mawingu, na Tunu pale, anavuta mvukuto. Cheche ziliruka zikawa vipepeo. Vipepeo wakatua juu ya mikono ya Sengo, nao hawakumwunguza.

Tunu akageuka, akacheka. "Baba, lete chuma! Moto umeiva!"

Sengo akaleta chuma. Wakafua pamoja kitu ambacho hakikuwa jembe wala kisu. Kilikuwa kinang'aa tu.

Alipozinduka, jua lilikuwa limepanda, naye amelala juu ya majani mabichi. Kifua kilikuwa chepesi. Akasema, "Mara moja tu. Kesho nitaacha."

Kesho yake akarudi.

Bembeleza likasema, "Leo nipe kitu kidogo. Nipe mlio wa nyundo yako."

"Mlio tu?"

"Mlio tu."

"Chukua." Akanywa. Tangu siku hiyo akipiga chuma, nyundo haikusema kitu. Ilikuwa kama kupiga pamba. Akasema, "Kesho nitaacha."

Akarudi. Bembeleza likasema, "Leo nipe ladha ya chakula chako."

"Ladha tu?"

"Ladha tu."

"Chukua." Akanywa. Tangu siku hiyo ugali na mchanga vikawa kitu kimoja kinywani mwake. Akasema, "Kesho nitaacha."

Akarudi tena. Bembeleza likasema, "Leo nipe sauti ya mkeo."

Hapo Sengo akasita. Akataka kugeuka. Lakini kiu ilikuwa inamwaka kama moto, na kibuyu kile pale.

"Chukua," akasema, huku machozi yanamtoka.

Akanywa. Alipofika nyumbani akamwona Zawena anasimama, anafungua kinywa, midomo inacheza. Hakusikia neno. Wengine wote aliwasikia, hata mbuzi aliwasikia. Ila sauti ya Zawena hakuisikia.

Na huko kwenye tanuru la mawingu, mambo yalikuwa yamebadilika. Mwanzo Tunu alikuwa akimgeukia na kucheka. Baadaye akawa anamwonyesha shavu tu. Mwishowe Sengo akawa anamwona mgongo. Akimwita, hageuki. Basi Sengo akawa anakunywa zaidi ili auone uso, na kila alivyozidi kunywa, Tunu alizidi kuwa mbali.

Msidhani hakujaribu kuacha. Alijaribu! Aliapa mbele ya kaburi la mwanawe, na alfajiri akapita kando ya kaburi hilo hilo kwenda msituni. Akafua mnyororo, akajifunga kwenye nguzo. Lakini mnyororo ameufua nani? Yeye. Basi akajua pa kuukatia. Akaenda kukaa kwa wakwe zake ng'ambo ya mlima, ukungu ukapanda mlima, ukamkuta huko.

Zawena akamwendea Kombe, kaka yake Sengo, akamweleza jinsi mumewe anavyokwenda msituni kila alfajiri kunywa ukungu wa zimwi. Wazee na majirani wakakusanyika uwanjani. Kombe alikuwa mtu wa hasira.

"Amejitakia!" akasema. "Nani alimshika mkono? Nani alimfungua kinywa? Mwacheni, akichoka ataacha."

"Hakuna aliyemshika mkono," Zawena akasema. "Lakini niambie, shemeji. Kama ni kupenda kwake, mbona huenda huku analia?"



Siku hiyo alikuwapo mwanamke wa kijiji cha bondeni, mfinyanzi, jina lake Mashavu, amekuja kuuza vyungu. Akatua mzigo wake, akavuta kanga yake juu kidogo. Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na alama nyembamba, nyeupe, imezunguka kama bangili.

"Mimi nilikunywa," akasema. "Mtu akinywa, Bembeleza humfunga uzi wa ukungu hapa. Alfajiri huuvuta. Siku ya kwanza unakwenda kwa miguu yako. Siku nyingine unavutwa, na kila mtu anadhani unatembea."

"Uzi huo hukatwa kwa kisu gani?" Zawena akauliza.

"Hakuna kisu. Uzi huo haukatwi. Ni mtu anayeshikwa. Likivuta, mnamshika. Likivuta tena, mnamshika tena. Uzi huchakaa. Lakini mtu asiyetaka msimshike kwa nguvu, atawachukia na atatoroka. Lazima aseme kwa kinywa chake mwenyewe: Nishikeni."

"Na asiposema?"

"Kaeni karibu. Asije akasema siku moja na pasiwe na mtu wa kumsikia."

Basi Mashavu akabaki kijijini, naye na Zawena wakawa wanaketi mlangoni kila alfajiri. Wanakoka moto mdogo, wanabandika uji. Sengo akitoka wanamsalimu. Sengo anapita. Kesho wanamsalimu. Sengo anapita.

Siku moja Bembeleza likamwambia, "Leo nipe kivuli chako."

"Kivuli tu?" Sengo akauliza, kama alivyozoea.

"Kivuli tu."

Sengo akatazama chini kukitafuta kivuli chake. Na alipotazama, akaona ukungu uliomzunguka miguuni. Ulikuwa na vidole. Ulikuwa na nywele za kusuka. Ulikuwa na macho yaliyofumbwa, mengi, mengi, yamelala. Ule ukungu, wanangu, walikuwa watu, waliokwisha kutoa hata vivuli vyao.

Akasema, "Kesho. Kivuli nitakupa kesho."

Bembeleza likacheka kwa upole. Hilo lilikuwa neno lake, nalo lilipenda kulisikia. "Haya, kesho."

Kesho yake, alfajiri, Sengo akasimama mlangoni kwake. Wimbo ukaanza kule msituni, njoo, njoo, uliyechoka. Kifundo kikavutwa. Mguu mmoja ukatoka. Mguu wa pili ukafuata. Akamwona Zawena kando ya moto, midomo inacheza. Akajua anaitwa jina lake, ila hakulisikia.

"Nishikeni," akasema. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayeota.

Mguu ukapiga hatua nyingine.

"Nishikeni!"

Mguu ukapiga hatua nyingine.

"Jamani, nishikeni!"

Zawena akamrukia mkono huu, Mashavu akamrukia mkono ule. Uzi ukavuta! Sengo aliyeomba kushikwa ndiye yule yule aliyeanza kupigana nao. Akatukana, akalia, akang'ata.

"Niacheni! Mara moja tu! Kesho nitaacha!"

"Tunajua," Mashavu akasema, naye hamwachi. "Tunajua, ndugu yangu."

Kombe alikuwa anakwenda shambani. Akasikia kilio cha mdogo wake, kilio alichokuwa hajakisikia tangu wakiwa watoto. Akatupa jembe, akaja mbio, akamkumbatia kiunoni. Hakusema amejitakia. Jua likatoka, ukungu ukapanda, uzi ukalegea. Wote wanne wakaanguka chini wakihema.

Kesho yake uzi ukavuta, wakamshika. Siku nyingine ukavuta, wakamshika. Majirani wakaja, huyu leo, huyu kesho.

Lakini ilikuwapo alfajiri ambayo Zawena aliteremka mtoni, na wengine wamechelewa. Sengo akakwenda. Akanywa. Bembeleza, kwa kujua ameanza kuponyoka, likamnywesha bila kudai kitu. Akarudi jua likiwa juu, kichwa chini, anangoja kupigwa mawe.

Mashavu akamkaribisha kwenye moto, akamjazia kikombe. "Kunywa uji. Kesho tunashika tena."

"Nimewaangusha," Sengo akasema.

"Umeanguka wewe," akasema Kombe. "Na umerudi kwetu. Kunywa uji, bwana."

Wakashika tena. Uzi ukawa mwembamba, ukawa mwembamba, hata alfajiri moja ukavuta na Sengo hakusogea hata unyayo. Akasimama tu, amewashika watu mikono, nao wamemshika. Mbele yao uzi ulikuwa umekaza, unametameta kwa umande kama wa buibui, umeingia hadi ndani ya msitu.

"Mbona tunangoja kuvutwa?" Kombe akauliza. "Si tulivute sisi zimwi lenyewe?"

Sengo akarudi nyuma hatua moja. Wote wakarudi naye. Wakavuta! Miti ikatikisika. Wakavuta! Ndege wakaruka. Wakavuta! Bembeleza likatoka msituni likiburutwa kwa kidole kimoja kilichofungwa uzi, likafika uwanjani kwenye jua.

Kwenye jua, watoto, halikuwa kubwa. Lilikuwa kama kuku aliyenyeshewa.

"Kosa langu ni nini?" likasema kwa ile sauti yake laini. "Mimi sikumshika mtu. Sengo alinijia kwa miguu yake."

Watu wakamtazama Sengo.

"Ni kweli," Sengo akasema. "Mara ya kwanza nilikuja kwa miguu yangu. Siku hiyo ni yangu, sikatai. Baadaye miguu ikawa yako. Leo nimeazima miguu ya wenzangu, na hiyo huiwezi."

Bembeleza likafungua kinywa liimbe. Wimbo haukutoka. Ulitoka mvuke, ukatoka mvuke, ukatoka mvuke, mpaka pale lilipokuwa pakabaki majani yaliyolowa.

Kule msituni ukungu ukainuka kama shuka inayokunjuliwa. Watu wakaanza kuteremka mlimani, mmoja mmoja, wakipangusa macho, wakiuliza ni msimu gani, na kama mvua za vuli zimekwisha kunyesha. Wengine walizikuta nyumba zao. Wengine walikuta magugu, na majirani wakawakaribisha.

Na Sengo akasikia nyuma yake sauti.

"Sengo."

Akageuka.

"Sengo, mume wangu."

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyeita kwa muda mrefu. Sengo akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.

"Zawena," akasema, "Tunu hayupo."

"Hayupo," Zawena akasema, akaketi naye.

Sengo akamlilia mwanawe. Alilia asubuhi ile yote. Hakuna aliyemwambia jikaze, hakuna aliyemwambia nyamaza. Kombe alikaa upande mmoja, Mashavu upande mwingine, na uji ukapoa.

Msiniulize kama alipona siku ile ile. Alirudi kazini, nyundo ikalia tena, alikula akaonja ladha, alicheka. Lakini zilikuwapo alfajiri ambazo mguu ulimwasha, hata miaka ilipokuwa imepita, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kumvuta. Akawa haoni aibu. Anatoka nje, anaita, na mlango mmoja au mwingine unafunguliwa, mtu anatoka anafunga vizuri nguo yake, anakuja kuketi naye hadi kupambazuke.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshiba abaki nayo, mwenye njaa ampelekee mwenziwe wakaile pamoja.

Na mafunzo yake ni haya: tone la kwanza waweza kulikataa peke yako, basi likatae. Lakini ukiwa umeshafungwa, usione haya kuita watu. Na wewe unayeitwa, usiulize kwanza nani alimtuma. Mshike.