Rangi Zilizofungiwa Kabatini

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Wale wa viti vya nyuma sogeeni kidogo, maana neno hili linawahusu hata waliokuja kusikia tangazo la ndoa tu.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la tatu, katika shule ya milimani, huko ambako watoto hufika asubuhi wamevaa masweta na mikono wameibana kwapani. Mwalimu huyu alipenda kuchora tangu udogo wake. Kwao, kila Krismasi ilipokaribia, bibi yake aliisiriba nyumba upya kwa udongo mwekundu na mweupe, kisha akatia michoro kwa majivu. Ukuta wa mbele, ule wanaouona wageni kwanza, bibi alimpa yeye, akiwa na miaka minne. "Sehemu yako inaishia pale mkono wako unapofika," alimwambia. Mkono haukufika mbali. Alichora kuku wa miguu mitatu, na bibi hakumfuta hata kuku mmoja. Kila mwaka mtoto alirefuka, na sehemu yake ikapanda.

Akakua, akasomea ualimu, akapangiwa shule hiyo. Akaikuta haina hata kalamu moja ya rangi. Kwenye kikao cha wazazi aliomba msaada, akajibiwa, "Mwalimu, kuchora kutawapeleka wapi hawa?" Mwalimu mkuu naye alikuwa akikimezea mate kipindi cha kuchora cha Ijumaa, akitaka kukifanya cha hesabu. Mwalimu wetu, mama wa watu, hakukata tamaa. Miaka sita aliandika barua huku na kule. Mwaka wa saba likaja boksi, na ndani yake chupa kumi na mbili za rangi na brashi thelathini. Alilia mbele ya darasa zima bila kujificha.

Sasa sikilizeni alichofanya. Alizipanga chupa zile kwenye kabati la kioo, akalifunga, ufunguo akautia uzi na kuuvaa shingoni.

"Rangi hizi tumezitafuta kwa jasho," aliwaambia watoto. "Hatutazichezea. Kwanza penseli, mpaka mkono utulie. Aliye tayari nitamfungulia."

Msicheke, akina mama, nayajua makabati yenu. Hata mimi kwangu nakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki, na vile vyenye maua vinamsubiri askofu. Askofu mwenyewe alikuja mara moja, akaomba maji.

Katika darasa lile kulikuwa na mtoto wa kike, tumpe jina la Tusekile. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja, na gauni lake la kanisani walimzika nalo. Tusekile alikaa dawati la mbele, mkabala na kabati, na kila Ijumaa alinyoosha mkono.

"Mwalimu, leo?"

"Bado, mwanangu. Mkono wako bado unatetemeka."

"Nataka kumchora mama. Kwa penseli anatoka wa kijivu, mwalimu. Mama hakuwa wa kijivu."

Niwaulize, ninyi mngefanyaje? Mwalimu yule moyo ulimuuma, nawaambia kweli. Alishika ufunguo shingoni. Akaangalia mchoro wa mtoto, kichwa kikubwa kama mtungi, mikono imetokea kiunoni, akafikiri: akimharibu mama yake kwa rangi, atajisamehe lini? Akamwambia kwa upole, "Subiri mkono ukomae. Utamchora vizuri, apendeze."

Tusekile akasubiri. Alichora mistari, akachora duara mpaka likawa duara. Usiku kabla ya kulala alilirudia gauni lile kichwani, kola yake, vifungo vyake, rangi yake, kwa kuogopa lisimponyoke. Akaingia darasa la nne, la tano, la saba. Akamaliza shule, akaondoka. Kabati likabaki limefungwa, maana kila mwaka walikuja wengine, na kila mwaka mikono yao ilikuwa bado.

Miaka ikapita. Asubuhi moja mwezi wa kwanza, mwalimu akiwa amebakiza miezi michache astaafu, mwanamke alisimama mlangoni amemshika binti yake mkono.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeleta mtoto kuandikishwa."

"Marahaba. Tusekile! Ni wewe?"

Alimkumbatia, akamtazama mikono. Ilikuwa mikono ya fundi cherehani sasa, imetulia kabisa. Furaha ikampanda mwalimu hata akasahau daftari la uandikishaji. Alivua ufunguo wake, akamvuta mpaka kwenye kabati.

"Sikusahau," akasema. "Leo mkono wako uko tayari. Njoo umchore mama yako."

Kufuli lilikuwa na kutu, likakubali kwa shida. Akashika chupa ya kwanza, akaipindua. Hakikutoka kitu. Akashika ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Zote zilikuwa zimekauka. Alichukua kijiti akachokonoa, akamimina maji, akatikisa, mikono yake ikitetemeka sasa yeye.

"Acha, mwalimu wangu," Tusekile akamwambia taratibu. "Hata zingekuwa mbichi, isingesaidia. Nimelisahau lile gauni. Sijui tena kama lilikuwa la kijani au la bluu."

Mwalimu akakaa chini, palepale sakafuni, chupa mapajani.

Hakuwa mchoyo yule mama. Angekuwa mchoyo, ningemsema hapa, tukaenda nyumbani kupika. Aliwapenda watoto, na rangi alizitafuta kuliko mtu yeyote. Lakini alimsahau bibi yake, ambaye hakungoja mkono utulie ndipo atoe ukuta. Mwenyezi Mungu naye alitukabidhi dunia yake hii tukiwa hatujui hata kushika brashi, na kuku wetu wa miguu mitatu anawaona kila siku.

Wapendwa, tuache kumtazama mwalimu wa watu. Shule yetu ile pale ng'ambo ya uwanja, kipindi cha kuchora kimegeuzwa mazoezi ya hesabu tangu mwaka jana, na sisi tulikuwepo kwenye kikao. Nani alifungua mdomo? Mimi pia nilikuwepo, nikaangalia saa. Tulisema wafaulu kwanza, watachora baadaye. Na nyumbani mtoto akiokota mkaa akachora ukutani tunamchapa, kisha tunashangaa amekuwa mkimya.

Kikao kingine ni Jumamosi hii. Kuna mtoto wetu mmoja amekaa dawati la mbele, anamkumbuka mtu wake, na rangi inamponyoka siku kwa siku. Hebu kila mmoja wetu apapase shingo yake sasa hivi, hapo alipokaa. Ufunguo uko kwa nani?